Mgeni wa Kitabu, Mwenyeji wa Dhoruba

Mhadhara kwa walimu, wazazi na vijana wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado

  Si kila siku watu wazima hukaa kwenye mkeka kusikiliza habari za vitabu vya katuni.

Nia yangu ni moja. Nataka kueleza namna msomaji wa pwani hii, ambaye hajawahi kufungua katuni hata moja ya shujaa wa kike aitwaye Ororo Munroe, anavyoweza kuanza kumsoma bila unyonge. Mwenye kusoma Kireno atamkuta kwa jina la Tempestade. Kwa Kiingereza anaitwa Storm. Ninachosema ni kwamba msomaji huyo ni mgeni wa kitabu tu. Jambo linalosimuliwa ndani yake, yeye ni mwenyeji wake kuliko aliyelichora. Nina hoja tano, na nitazihesabu ili anayesinzia ajue tumefika wapi.

Kwanza nimtambulishe. Ororo alitolewa na kampuni ya Marvel ya New York mwaka 1975, katika kitabu Giant-Size X-Men namba 1. Mwandishi alikuwa Len Wein, mchoraji Dave Cockrum. Ni mmoja wa X-Men, kundi la watu waliozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida, ambao jamii inawaogopa nao wanailinda hivyohivyo. Kipawa chake ni kuamuru hali ya hewa: upepo, mvua, ukungu na radi. Baba yake, David, ni Mmarekani mweusi, mpiga picha za habari. Mama yake, N'Daré, ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Mtoto anazaliwa New York na kuhamishiwa Cairo akiwa mdogo. Katika simulizi ya awali, vita vya Suez vya mwaka 1956 vinapozuka, ndege inaangukia nyumba yao. Wazazi wanafariki, na yeye anabaki amefukiwa chini ya kifusi, ubavuni mwa mama yake. Anaokoka, anakuwa mwizi wa mifukoni mitaani Cairo, kisha anashika njia kwa miguu kuelekea kusini mpaka Afrika Mashariki, ambako mama mmoja aitwaye Ainet anampokea na kumlea. Huko ndiko Profesa Xavier, mwalimu wa X-Men, anakomkuta: binti mwenye nywele nyeupe anawanyeshea watu mvua, nao wanamwabudu kama mungu wa kike. Shehe uliye hapa, nimeona umekunja uso. Nivumilie, tutafika hapo kwenye hoja ya nne.

Hoja ya kwanza: mlango hauko mmoja

Swali la kila mgeni ni hili: nianzie wapi? Hadithi hii ina zaidi ya miaka hamsini. Mwandishi mmoja tu, Chris Claremont, aliishika kalamu ya X-Men kutoka 1975 hadi 1991, toleo baada ya toleo. Kijana akisikia hivyo hukata tamaa kabla ya kufungua ukurasa.

Namwambia asikate tamaa, kwa sababu hadithi za mashujaa hazijawahi kuingiwa kwa mlango wa mbele tu. Fikirini habari za Fumo Liyongo kule Pate na Lamu. Huyu alisikia habari za uta wake, yule akasikia namna mama yake alivyompelekea tupa ndani ya mkate gerezani, mwingine akajua kifo chake tu. Vipande hivyo vilitembea midomoni mwa watu kwa karne nyingi kabla ya Muhammad Kijumwa wa Lamu kuviandika katika utenzi mwaka 1913. Hakuna aliyeambiwa kwamba hana haki ya kumpenda Liyongo kwa kuwa hakuanzia mwanzo.

Kwa Ororo, mimi nitawaonyesha milango mitatu. Wa kwanza ni mfululizo wa mwaka 2014 ulioandikwa na Greg Pak na kuchorwa na Victor Ibáñez. Una matoleo kumi na moja tu, unaanza na unakwisha. Wa pili ni toleo la 186 la Uncanny X-Men, la mwaka 1984, lililoandikwa na Claremont na kuchorwa na Barry Windsor-Smith: karibu halina mapigano, ni mazungumzo ya mwanamke aliyepoteza kila kitu. Wa tatu ni mfululizo ulioanza 2024, ulioandikwa na Murewa Ayodele wa Nigeria na kuchorwa na Lucas Werneck wa Brazil.

Jihadharini na jambo moja la kibiashara. Namba moja juu ya jalada haina maana kwamba hadithi inaanzia hapo. Kampuni hizi huanza kuhesabu upya kila zinapotaka kuvuta wanunuzi, ndiyo maana Ororo ana namba moja kadhaa. Msiulize namba. Ulizeni nani ameandika, nani amechora, na mwaka gani.

Na kwa wale waliokulia chuoni, mkono wao ukazoea kufungua kitabu kutoka kulia: huku anzeni kushoto, juu, mkashuke. Kati ya picha moja na inayofuata kuna nafasi nyeupe. Mchoraji anaonyesha mkono umeinuliwa, kisha anaonyesha paa limeruka. Upepo wenyewe uliolirusha hajauchora, msomaji anautia mwenyewe. Nafasi hiyo muikumbuke, kwa sababu hoja zangu zote zilizobaki zinakaa humo.

Hoja ya pili: nguvu yake si ile iliyo juu ya jalada

Jalada linamwonyesha akiruka huku radi ikimulika nyuma yake. Lakini mwanamke huyu anaogopa kufungiwa. Mweke kwenye chumba chembamba, au chini ya udongo, na yule anayeamuru radi anakuwa mtoto wa Cairo chini ya kifusi. Liyongo naye hakuna silaha iliyompata isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo alimwambia mwanawe, mwanawe akamuua. Watunzi wa Pate na watunzi wa New York walilijua jambo lilelile: shujaa asiyeweza kuumia hana hadithi.

Claremont alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1984, katika toleo la 185, Ororo anapigwa na silaha iliyolengwa mtu mwingine na kupoteza kipawa chake chote. Si kwa siku mbili. Matoleo yanapita, miaka inapita, hana upepo. Na mwaka 1986, katika toleo la 201, bado hana kipawa, anashindana na Cyclops, mwenzake katika X-Men, kugombea uongozi wa kundi, na anamshinda kwa akili na utulivu. Msomaji anayetaka kujua kwa nini Ororo anaheshimiwa asome hilo toleo kabla ya kutazama radi.

Hapa ndipo msomaji wetu anapokuwa mwenyeji. Mtoto wa Marekani anayesoma habari za binti aliyefukiwa, akafiwa, akala kwa kuiba, akatembea nchi baada ya nchi, huzisoma kama ajabu za mbali. Lakini mji wetu huu ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, na kutoka hapo mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hili wameacha nyumba zao. Mji wa Palma ulishambuliwa Machi 2021. Wapo waliokwenda kwa miguu porini na wapo waliopakiwa kwenye majahazi mpaka ufuoni Paquitequete, kule Pemba. Kwa mtoto wa familia hizo, safari ya Ororo kuelekea kusini si ajabu hata kidogo. Yeye ataona upungufu: mchoraji ameruka njia nzima kwa picha chache. Alikula nini? Nani alimpa maji? Aliyembeba mdogo wake mgongoni yuko wapi? Maswali hayo mwandishi wa New York hakuwa na wa kumuuliza.

Walimu, nawaomba mshike jambo moja. Ukurasa wa kifusi unaweza kumuumiza mtoto aliyekwisha kuona kifusi. Msimlazimishe kuusoma kwa sauti mbele ya wenzake, wala msimpe kazi ya kusimulia yaliyompata. Akitaka kuuruka, auruke. Kitabu kitamngoja.

Hoja ya tatu: upepo una hesabu

Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu kaskazini ya Pemba, na upepo wake ulifika kiasi cha kilomita 220 kwa saa. Kilikuwa kimepita Ngazidja usiku wa kuamkia siku hiyo. Kisiwani Ibo nyumba nyingi mno zilianguka au kuezuliwa, na mvua iliyofuata ilifurika hadi mitaa ya Pemba. Ilikuwa majuma sita tu baada ya Kimbunga Idai kuipiga Beira, na kabla ya hapo haikuwa imeandikwa katika kumbukumbu kwamba vimbunga viwili vikali kiasi hicho viipige Msumbiji katika msimu mmoja. Wazee wa hapa walijua kaskazi na kusi, walijua mwezi wa kutotia mashua baharini, lakini habari za kimbunga cha namna ile pwani hii hawakuzirithi kwa baba zao.

Sababu zake zinaeleweka. Kimbunga hula joto la bahari, na hakikui mpaka maji ya juu yafike takriban nyuzi 26 au 27. Kinahitaji pia msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili kizunguke, na msukumo huo hudhoofu kadiri unavyokaribia ikweta. Ndiyo maana vimbunga vingi hupita kusini yetu. Lakini Desemba 2024 Kimbunga Chido, kilipotoka kuiharibu Mayotte, kilitua Mecúfi, kusini kidogo ya Pemba. Ugeni wa jambo hili unapungua.

Sasa mfungueni Ororo mbele ya watu waliolala chini ya Kenneth. Mtoto wa kwanza atauliza: kama yupo, mbona hakukizuia? Ni swali zuri, nanyi msilizime. Jibu liko ndani ya hadithi zenyewe. Ororo alipokuwa binti alikuta watu wana ukame, akawavutia mvua kwa huruma. Ainet akamfunza kwamba mvua ile haikutoka patupu: aliyoileta hapa aliinyima kwingine, na huko mimea na wanyama wakafa. Tangu hapo sheria yake ni kutoigusa anga bila kuuliza nani atalipa.

Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika mfululizo huu, na hakuna mahali linaposomeka vizuri kama hapa. Binadamu naye ameshatia mkono katika hali ya hewa, bila nywele nyeupe wala joho. Mafuta, makaa na gesi vinavyochomwa duniani vinaipasha bahari moto, na waliochoma kidogo kabisa ndio wanaoezuliwa mapaa. Pia, jamani, tusijifiche: mbele yetu, chini ya bahari ya bonde la Ruvuma, kuna gesi nyingi, na Afungi pale Palma ndiko inakokusudiwa kusindikwa. Gesi hiyo inaweza kuleta shule na hospitali. Lakini swali la Ainet linatuhusu na sisi pia. Anayevuta neema upande huu aseme ni nani atakayelipa upande ule, na kama watu wa Palma watakuwa kwenye hesabu ya wanaopokea au ya wanaolipa tu.

Hoja ya nne: Afrika iliyochorwa mezani New York

Nilimwahidi shehe. Ororo aliyeabudiwa alibuniwa na vijana wa Marekani ambao Kenya yao ilikuwa ya sinema: jua, nyika, watu wasiotajwa kabila wala lugha, na mwanamke mrefu juu ya jabali. Serengeti inasimuliwa kana kwamba ni jirani ya kila kitu, ilhali mbuga yenyewe ipo Tanzania. Pwani haipo kabisa. Katika Kenya hiyo hakuna msikiti wa Lamu, hakuna jahazi, hakuna bibi anayeuza vitumbua. Mwislamu akikutana na neno mungu wa kike ana haki ya kukunja uso.

Hata hivyo asome ukurasa unaofuata. Xavier anamwambia waziwazi kwamba yeye si mungu, ni mtu mwenye kipawa, na Ororo analikubali. Kwa itikadi, shehe, hapo pana faraja. Kwa historia, mimi nabaki na shaka nyingine: mgeni kutoka mbali ndiye anayemweleza mwanamke wa Kiafrika yeye ni nani hasa, kisha anaondoka naye kwenda kufanya kazi Marekani. Pwani hii imeona wageni wengi wakija na maelezo ya namna hiyo.

Je, tumkatae? Hapana. Sisi Wamsumbiji tumeshafundishwa kusoma mchoro kwa macho mawili. Walio na umri wangu wanamkumbuka Xiconhoca, yule mhusika wa vibonzo vya miaka ya mwanzo ya uhuru, mlevi, mvivu na mhujumu, aliyechorwa ili raia wamtambue adui. Tulicheka, tukajifunza, na wengine wetu tukauliza kimyakimya nani anayeamua adui anafananaje. Kila mchoro una mtu anayekushika sikio. Msomaji mzuri hacheki chini ya kiasi wala haamini kupita kiasi.

Kalamu yenyewe imesogea. Mwaka 2006 Eric Jerome Dickey, mwandishi wa riwaya Mmarekani mweusi, alimwandika Ororo akiwa binti Afrika. Mwaka 2024 Mnigeria akaanza kumwandika. Kutoka Lagos hadi Mocímboa da Praia bado ni mbali, lakini si mbali kama kutoka New York.

Hoja ya tano: zamu ya kalamu yetu

Mkishamjua Ororo mtauliza: wetu wako wapi? Wapo, ila hawajachorwa vya kutosha. Chukueni Josina Machel. Alizaliwa 1945 Vilanculos. Mwaka 1964 alijaribu kutoroka nchi kujiunga na mapambano ya uhuru ya FRELIMO, akakamatwa karibu na Victoria Falls na kurudishwa gerezani. Akajaribu tena mwaka uliofuata, akafika Dar es Salaam. Alikuwa katika kikosi cha wanawake cha FRELIMO, Destacamento Feminino, na alihangaikia vituo vya watoto yatima wa vita humuhumu Cabo Delgado. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25, na siku hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Hakuwa na radi. Mtoto aliyesoma toleo la 201 hatashangaa: ameshaona shujaa anayeshinda bila kipawa.

Wenzetu wameanza. UNESCO imetoa katuni za wanawake katika historia ya Afrika, zikiwamo za Njinga Mbandi wa Angola na Wangari Maathai wa Kenya. Likarion Wainaina alitengeneza filamu ya Supa Modo mwaka 2018, kuhusu msichana mgonjwa ambaye kijiji kizima kinashirikiana kumfanya shujaa. Malenga Mulendema wa Zambia alibuni Supa Team 4, wasichana wanne wa Lusaka, iliyoonyeshwa mwaka 2023.

Basi mimi napendekeza mambo matatu, na walimu mliopo mnaweza kuyaanza muhula huu. Mosi, kila shule iwe na kikundi cha kusoma katuni, Kireno kwa wanaokijua, na mkubwa mmoja wa kufasiri kwa Kimwani, Kimakonde au Kiswahili. Pili, kila anayemaliza kusoma achore ukurasa mmoja wa jambo ambalo mchoraji wa mbali alilisahau: njia ya miguu, chombo kilichojaa watu, chungu cha wali wa nazi kinachogawanywa kwa wasiojuana. Tatu, kurasa hizo zikusanywe kuwa kitabu kimoja chenye shujaa wetu wa kike. Sina haki ya kumpa jina, hilo ni la vijana. Naomba tu msimvalishe barakoa ya kitambaa. Wanawake wa Ibo wanajipaka msiro mweupe usoni, na shujaa wa pwani hii anaweza kutoka na huohuo. Ajue kusoma mawingu, na ajue pia kwenda nyumba hadi nyumba kuwahimiza watu wahame kabla upepo haujafika, kwa sababu hilo ndilo linalookoa roho.

Litakapotoka toleo la kwanza, liandikwe namba moja kwa haki, maana hadithi itakuwa inaanzia hapo kweli. Na akitokea msomaji wa New York akiuliza aanzie wapi, tumpe milango mitatu.  Sasa nasubiri maswali, na nawaomba wazee wawaache vijana watangulie.